Fungu la Kanisius: Kutoka Mapera Hadi Lituhi na Kurudi

Ninyi wanakwaya mmeniuliza kwenye mazoezi, mmeniuliza kwenye foleni ya mashine ya kukoboa, na Jumapili iliyopita sauti ya pili nzima ilinizunguka nje ya kanisa kana kwamba nimeiba sadaka. Haya. Nasimulia mara moja. Atakayeniuliza tena nitampa karatasi hii asome mwenyewe. Habari za nauli siandiki, hazina utamu. Naandika yaliyoniudhi, nayo ni mengi.

Wengine hamkuzaliwa huku, kwa hiyo nianzie mbali kidogo. Babu yetu alikuwa na mgongo mmoja wa mlima, kuanzia kijitoni mpaka kule juu kwenye mawe. Sisi tunauita ntambo. Ulimtosha. Akapata wana wanne, ukawatosha kwa kubanana. Hao wanne wakapata wana kumi na tisa, achilia mbali sisi mabinti ambao hatuhesabiwi. Mlima wenyewe haukuzaa. Uko vilevile.

Mdogo wangu Kanisius aliona hesabu hiyo mapema. Alishuka ziwani miaka kumi na moja iliyopita, akaoa, akatulia Lituhi. Fungu lake likabaki kwa mama na mimi, maana mimi nilikuwa nimesharudi kutoka kwenye ile ndoa yangu ya Songea mnayoijua. Mama alipofariki nikabaki nalilima peke yangu. Hapo ndipo nimemlea binti yangu.

Sasa mwezi wa pili tukatangaziwa kwamba wapimaji wa ardhi watakuja baada ya Pasaka, kila ukoo upeleke orodha ya wenye mafungu. Baba mkubwa Desderi, kaka wa marehemu baba, akafufua sengu. Sengu ni pale wanaume wa ukoo wanapokula pamoja uani kwa mkubwa wao na kuzungumza mambo. Tulikuwa tumeliacha lile jambo, kila mtu anakula kwake. Akasema Jumapili hii tunakula, na asiyekula kwenye sengu hachimbi kwenye ntambo. Kanisius asipofika, fungu lake wanachukua wana wa Desderi.

Nikamuuliza, "Shikamoo baba mkubwa. Na mimi ninayelilima?"

"Marahaba. Wewe ni binti, Osmunda. Una mtoto mmoja, tena wa kike. Ataolewa, utamfuata huko huko."

Sikujibu kwa sababu nilikuwa nimebeba kuni na ningejibu kwa kuni. Nikapiga simu ya Kanisius, haipatikani. Jumatano asubuhi nikaondoka kumfuata.

Mapera mpaka Mbinga mjini

Nilikosea jambo moja tangu mlangoni. Huwezi kwenda kwa ndugu mikono mitupu, kwa hiyo nilibeba kiroba cha maharage, jogoo mmoja, na sufuria ya mama ambayo Kanisius aliwahi kuiomba. Kijana wa bodaboda alifunga kiroba nyuma, jogoo akaning'inia ubavuni, sufuria nikaishika mimi. Kabla hatujafika barabara kubwa akaniuliza, "Mama, unahamia wapi?"

Nikamwambia sihamii, naenda kusalimia.

"Wote husema hivyo," akasema. "Wiki iliyopita nilimpeleka mmoja anakwenda kusalimia na godoro."

Nilicheka. Hiyo ilikuwa mara ya mwisho kucheka siku hiyo. Mvua ilitukamata kabla ya mjini, na tukashuka mara tatu kusukuma pikipiki kwenye utelezi. Stendi ya Mbinga nilifika na tope hadi magotini. Wakala ananiona na kiroba, jogoo na sufuria, anaita kwa sauti, "Wanaohama, gari lenu hili hapa." Na kweli nilipoangalia ndani, nusu ya watu walikuwa na majembe yamefungwa pamoja kwa kamba ya katani. Mmoja amebeba mlango. Mlango kabisa, wa mbao, na komeo lake.

Njia panda ya Kitai

Kutoka Mbinga mpaka Kitai ni lami, sina lawama. Pale ndipo unaposhuka ikiwa unakwenda ziwani, na pale ndipo nilipokaa tangu saa sita mpaka jioni nikisubiri gari la Lituhi, kwa sababu kila dereva alisema njia ya kule imechafuka.

Mama lishe mmoja alinikaribisha kwenye benchi lake. Ugali wake ulikuwa mzuri, maharage hayakuiva. Ukila maharage mabichi ukiwa Mmatengo unajisikia umetukanwa, lakini nilinyamaza kwa vile alinipa maji ya kunawa miguu. Pembeni yangu alikaa bwana mmoja na begi la kompyuta, shati limenyooka, anakwenda semina ziwani kufundisha mambo ya idadi ya watu. Alikuwa mtu mwenye maneno. Alimwangalia yule mwenye mlango, akaniangalia mimi na jogoo, akatikisa kichwa.

"Tatizo la watu wa milimani mnazaa sana," akasema. "Mnazaa, ardhi inaisha, mnahama. Mkifika kule mnazaa tena."

Nikamuuliza, "Ninyi mmezaliwa wangapi kwenu?"

"Tisa. Lakini zamani ilikuwa tofauti."

"Una watoto wangapi?"

"Watatu."

"Mimi ninaye mmoja," nikamwambia. "Na bado nanyang'anywa shamba. Sasa katika semina yako mimi utanipangia kupunguza nani?"

Mama lishe akageuka kuangalia sufuria zake. Yule bwana akasema nisichukulie kibinafsi, anazungumzia jumla. Hilo ndilo lililonichoma zaidi. Mimi sijawahi kuishi kwenye jumla. Sikatai kwamba tumekuwa wengi, kumi na tisa kwenye mgongo ule ni wengi, sihitaji semina kuliona hilo. Ninachokataa ni kwamba watu wakiwa wengi, wa kwanza kuambiwa nafasi imeisha ni yule mwenye jembe mkononi.

Tukaelewana kidogo mwishoni, maana gari lilipopatikana lilikuwa dogo na alinisaidia kupakia kiroba. Jogoo alimnyea begi. Sikumwambia.

Ruanda, kwenye tope

Gari lilikwama kabla ya Ruanda. Mbele yetu malori ya makaa ya mawe yalikuwa yamejipanga, moja limelala ubavu katikati ya njia, madereva wamekaa wanakula miwa. Tulilala kwa mama mmoja wa kigango. Asubuhi lori bado limelala, na wenye mizigo mikubwa wakakata tamaa.

Yule mwenye mlango alikuwa kijana wa Namswea, na mkewe alikuwa na mimba kubwa. Alinieleza mambo yao bila kuulizwa, tukiwa tunakunywa uji. Kwao wamebaki na matuta ya kuhesabu kwa vidole, na shemeji yake aliyetangulia Lituhi alimpigia simu akamwambia njoo, huku kuna bonde. Na huyo shemeji naye alikuwa ameitwa na mwingine. Ndivyo wanavyokwenda, mmoja anamvuta mwenzake.

"Mlango wa nini?" nikamuuliza.

"Nilitengeneza mwenyewe, mama. Nyumba imebaki kwa kaka yangu. Mlango ni wangu."

Nilitamani kulia na nilikasirika kwa kutamani kulia. Mkewe alikuwa anakula udongo mkavu wa kichuguu, kama wajawazito wanavyokula, anatazama tope. Saa nne lori likavutwa. Tukaingia Lituhi mchana wa Alhamisi.

Lituhi

Kumpata Kanisius haikuwa kazi. Nilimuuliza mwanamke wa kwanza niliyemkuta anaanika usipa, wale dagaa wetu wa ziwani, kwenye mchanga. Akasema, "Mmatengo wa mabwawa? Yuko ofisi ya kijiji, siku hizi ni mjumbe wa kamati ya ardhi." Akanitazama kiroba. "Na wewe umehamia?"

Sikumjibu vizuri, Mungu anisamehe.

Nilifika ofisini yule kijana wa Namswea amenitangulia, amesimama na mlango wake, mkewe amekaa chini. Na ndani, nyuma ya meza, nani? Mdogo wangu, amenenepa, amevaa miwani. Anasema kwa sauti ile ile ya Baba mkubwa Desderi, yaani ukifumba macho hutofautishi:

"Kijiji kimejaa. Huyo shemeji yako hakuwa na ruhusa ya kukuita. Rudini kwenu."

Nikaingia bila hodi. "Kwao wapi, Kanisius?"

Aliruka. Alitaka kunikumbatia, nikaweka sufuria katikati yetu.

"Kwao wapi? Wewe ulipokuja hapa ulikuja na ruhusa ya nani? Ulikuja na blanketi na redio mbovu. Leo mkuki kwa nguruwe?"

Wajumbe wenzake walitazama dari. Mzee mmoja wa Kinyasa akasema polepole, "Shikamoo tumeisahau leo," na alikuwa na haki, nikamwamkia, akaitikia. Kisha akasema, "Mama, dada yetu, sisi hatukumfukuza huyu ndugu yako. Lakini tangu yeye wamekuja wengine, na wengine. Wavuvi wanasema nyavu zimekuwa nyingi kuliko samaki. Wajukuu zangu nao nitawapa wapi?"

Mzee yule alikuwa anahesabu wajukuu kama babu yetu angehesabu, na hakuna mtu wa semina aliyekaa naye kwenye benchi lile.

Nyumbani kwa Kanisius wifi yangu Anjela alinipokea vizuri. Alipika ugali wa muhogo na mbasa wa kuchemsha, samaki mnene mwenye mafuta. Ule ugali unanata, nami nilikuwa naukata kwa vidole kama wa mahindi, unanifuata mpaka kiwikoni. Watoto wanne walinitazama kwa adabu. Yule mdogo akasema, "Shikamoo shangazi, ugali hauliwi hivyo." Anjela akamfinya. Hakuwa amesema lolote kuhusu wale wa Namswea, lakini niliwaona wamekaa jikoni kwake, mlango umeegeshwa ukutani, wanakula chakula kile kile tulichokula sisi.

Nikamweleza Kanisius habari ya sengu. Nikamwambia afunge mzigo, Jumamosi tunapanda, Jumapili anakula, Jumatatu anarudi kwa wanawe akitaka.

"Siendi," akasema.

Wanakwaya, nilikuwa nimekula tope siku mbili.

"Huendi?"

"Siendi, dada. Njoo nikuonyeshe kitu."

Akanipeleka shambani kwake, bondeni upande wa Mto Ruhuhu. Mpunga umesimama vizuri. Katikati ya mpunga kuna kipande chenye mashimo mapana ya mraba, yamejaa maji, vyura wanaimba. Nikayatambua mara moja, ingawa yalikuwa mabaya sana. Yalikuwa ngolo, mashimo yetu ya mlimani yanayozuia udongo usiporomoke. Kachimba ngolo mahali tambarare, kwenye bonde la mto. Hilo ni kosa ambalo Mmatengo peke yake anaweza kulifanya.

"Mwaka wa kwanza," akasema. "Nilikata nyasi, nikalaza miraba mizuri, umenyooka kila mstari. Watu wakaja kuangalia. Nikachukua jembe sasa nifukie nyasi nitoe shimo. Nikasimama. Nikagundua sijawahi kufanya sehemu hiyo. Kwetu tunalaza nyasi tunakwenda zetu. Mnaochimba ni ninyi. Mama na wewe. Miaka yote ile nilikuwa najiita mkulima wa ngolo, kumbe mimi ni mlaza nyasi."

Akachimba hivyo hivyo. Mvua ikajaza mashimo, maharage yakaoza, watu wakamuuliza samaki anaweka lini. Jina la mabwawa likabaki. Aliyemfundisha mpunga ni Anjela, ndivyo walivyoanza kuzungumza.

"Lile fungu si langu," akasema. "Sikulichimba hata siku moja. Waambie nimesema. Na kama lazima mtu ale pale mahali pangu, kula wewe."

"Mimi ni mwanamke, Kanisius."

"Najua. Ndiyo maana nakwambia."

Niliendelea kumkasirikia, msidhani. Nilimwambia mtu mwenye moyo mwema hivyo shambani angekuwa nao pia ofisini. Lakini Jumamosi alfajiri, naondoka, nilimwona anatangulia njia ya kwenda ng'ambo ya bonde na yule kijana wa Namswea, naye mdogo wangu amebeba upande mmoja wa mlango. Kama walipata mahali, mpaka leo sijui.

Kupanda

Safari ya kurudi ilikuwa fupi na sikuongea na mtu. Nilikuwa na usipa kwenye kiroba kile kile, na sasa hakuna aliyeniuliza nahamia wapi. Anayepanda milimani hahesabiwi mhamiaji.

Nilishuka jioni Mapera nikapitia shambani kabla ya nyumbani. Nikasimama njiani. Fungu lote la Kanisius lilikuwa limekatwa nyasi na kulazwa miraba, safi kabisa, toka juu mpaka chini. Wana wa Baba mkubwa walikuwa wamemaliza kazi siku tatu nilizokuwa sipo. Hawakusubiri hata Jumapili. Nikaupiga teke mlango wa nyumba yangu mwenyewe, binti yangu akanifungulia.

Sengu

Jumapili baada ya misa tulipika sisi wanawake, kama kawaida. Ugali, maharage, na usipa wangu. Kawaida unabeba chakula, unapiga goti, unaweka, unaondoka. Mimi nilibeba, nikapiga goti, nikaweka, nikakaa.

Baba mkubwa akauliza, "Kanisius yuko wapi?"

"Hakuja. Amesema fungu si lake, hakulichimba. Amesema nile mimi."

"Hapa hawali wanawake."

"Sawa, baba mkubwa. Nina swali moja, nikijibiwa naondoka. Nyasi zimelazwa kule shambani, nimeziona. Ni nzuri. Nani kati yenu mlioko hapa ameshawahi kuchimba ngolo moja, kuanzia mwanzo mpaka shimo limekamilika? Mmoja tu anyooshe mkono."

Waliangalia ugali. Kumi na tisa ukitoa waliohama walikuwa kumi na mmoja, na mikono yao yote ilikuwa magotini. Mwana mkubwa wa Desderi alifungua mdomo. Kutoka jikoni sauti ya mkewe ikasema, bila kelele, "Mimi kwenye shamba la Osmunda sichimbi." Akafuata mwingine: "Hata mimi." Halafu jikoni hakuna aliyeosha sufuria.

Nikanawa mikono kwa maji yale yale waliyonawia wao, nikakata ugali, nikala. Nilikula matonge matatu. Hayakuwa na ladha yoyote, lakini niliyameza.

Mwishowe Baba mkubwa akavuta ile orodha, akaandika. Nilinyoosha shingo nikaona: Osmunda, fungu la Kanisius. Kaandika kwa penseli. Majina mengine yote kayaandika kwa kalamu ya wino.

Jumatatu nilikwenda na jembe. Nilianza juu kwenye mawe, nikashuka mraba kwa mraba, binti yangu nyuma yangu. Zile nyasi walizozilaza wao nimezifukia zote mimi. Ilinichukua siku tisa, mgongo bado unauma, ndiyo maana mazoezi mawili hamkuniona.

Baba mkubwa amepita njia ya pale mara mbili. Mara ya kwanza alikwenda zake. Mara ya pili nilimwamkia, akaitikia, akasimama akitazama maharage yameshatoa majani mawilimawili kwenye kingo za mashimo. Nikamuuliza kama kalamu ya wino imekwisha, nimnunulie nyingine.